Mchi Usio na Uzito

Bibi aliishika simu yangu kwa mikono miwili, kama anavyoshika bakuli la uji wa moto, akaitazama katuni mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ni katuni fupi mno, sekunde moja tu inayojirudia: mwanamke kasimama mbele ya kinu, anainua mchi, anashusha mchi. Michoro 12, yote ya mkono, nilikesha nayo siku tatu. Nilikuwa nimemchora yeye. Kanga aliyojifunga kiunoni, miguu iliyotanuka kidogo, mgongo wake ambao ningeutambua hata gizani. Akanirudishia simu, akasema taratibu, "Mjukuu wangu, mchi huu hauna uzito."

Kisha akaendelea kupepeta uwele wake.

Njiani kurudi Dodoma mjini, kwenye daladala iliyojaa magunia ya karanga na kuku wawili waliofungwa miguu, niliirudia ile sekunde moja hadi betri ikakaribia kuisha. Nilikuwa natafuta uzito ulipopotelea. Mistari ilikuwa safi. Mikono ilikuwa na urefu ule ule kutoka mchoro hadi mchoro. Ukisimamisha karatasi yoyote kati ya zile 12 utasema hii ni picha nzuri, mwanamke anatwanga. Zikianza kupita moja baada ya nyingine, mwanamke yule anakuwa ameshika bua la mtama lililokauka.

Kilichoniuma ni kwamba jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa nimelipata miezi minane kabla ya hapo, kwenye zoezi la kwanza kabisa, lile la mpira.

Nina duka dogo la steshenari Majengo. Natoa kopi, nachapa barua, nafunga ripoti za wanafunzi wa vyuo. Duka la namna hii huzalisha karatasi zilizoharibika kila siku: kopi iliyotoka na mstari mweusi katikati, tangazo lililochapwa mara mbili kwenye ukurasa mmoja. Upande wa pili unabaki mweupe. Kwa miaka mingi nilikuwa nawapa akina mama wa karanga wafungie biashara yao. Siku hizi nazitunza kwenye boksi chini ya meza, maana zoezi dogo la uhuishaji linakula karatasi 20, na ukilirudia mara nne umeshamaliza 80.

Neno lenyewe, uhuishaji, nalipenda. Vijana wengi husema animesheni na sina ugomvi nao, lakini kuhuisha ni kukitia kitu uhai, na kazi yenyewe ndivyo ilivyo. Wengi wetu tuliosoma shule ya msingi tumewahi kuifanya bila kujua jina lake. Unachora mtu wa vijiti kwenye kona ya daftari, ukurasa unaofuata unamsogeza mguu, unaofuata unamsogeza tena, mwisho unaziachia kurasa kwa kidole gumba na mtu anakimbia. Mchezo huo ulipewa hataza mwaka 1868 huko Birmingham, Uingereza, kwa jina la John Barnes Linnett. Nilifurahi kusoma kwamba Linnett alikuwa mchapaji. Mtu wa karatasi na wino.

Nikimwambia mtu ninachojifunza, swali la kwanza huwa kompyuta gani, programu gani. Programu zipo, na nyingine ni za bure. Blender haina malipo na unaweza kutengenezea filamu nzima. Nitaifikia. Lakini mimi nilianza na ubao, na hadi leo namshauri anayeanza aanze na ubao, kwa sababu programu inaweza kukujazia michoro ya katikati kabla hujajua kwa nini inakaa pale inapokaa.

Ubao wangu alinitengenezea fundi seremala wa mtaani. Nilimpelekea panchi ya dukani kama kipimo: inatoboa matundu mawili yenye upana wa milimita 6, na kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya jingine ni sentimita 8. Fundi akachonga vigingi viwili vya mti vya unene huo huo, akavigandisha kwenye ubao kwa umbali huo huo, akakata dirisha katikati akaweka kioo. Chini ya kioo naweka taa ya sola. Kila karatasi naitoboa, naivika kwenye vigingi, na mchoro wa chini unaonekana kupitia karatasi ya juu. Kigingi ni kitu kidogo chenye maana kubwa. Karatasi ikiteleza milimita moja, mpira nao unatetemeka milimita moja, na jicho la mtazamaji halisamehe mtetemo.

Filamu hupitisha fremu 24, yaani picha 24, kila sekunde. Kiwango hicho kilikaa sinema zilipoanza kutoa sauti mwishoni mwa miaka ya 1920, kwa kuwa sauti haivumilii mwendo unaopanda na kushuka. Wachoraji wengi wa mkono huchora 12 tu kwa sekunde, kila mchoro unapigwa picha mara mbili. Nami nafanya hivyo. Nusu ya kazi, na jicho halilalamiki isipokuwa mwendo ukiwa wa kasi sana.

Sasa mpira.

Kila anayefundisha uhuishaji ataanza na mpira unaodunda, na karibu kila mwanafunzi ataona anapotezewa muda. Nami niliona hivyo. Nilitaka kuchora watu, nyuso, bibi yangu. Duara linaloanguka lina nini? Nikachora duara juu ya karatasi, nikachora jingine chini, umbali wa milimita 180, nikagawa katikati kwa haki: milimita 30, 30, 30, 30, 30, 30. Nikapiga picha kwa simu, nikaziunganisha, nikabonyeza. Mpira ulishuka kama ndoo inayoteremshwa kisimani kwa kamba. Kuna mtu alikuwa ameushika huko juu, anauachia kwa uangalifu. Nikaongeza kasi, ukawa ndoo inayoteremshwa na mtu mwenye haraka.

Kosa lilikuwa kwenye ule mgawanyo wa haki. Kitu kinachoanguka hakigawi njia yake sawa kwa sawa. Galileo alilipima jambo hili kwa kuviringisha tufe kwenye ubao ulioinama: kipande cha kwanza cha muda tufe linapita hatua 1, kipande cha pili hatua 3, cha tatu hatua 5, cha nne 7, halafu 9, halafu 11. Namba witiri, zinakwenda hivyo hivyo. Jumlisha sita za kwanza upate 36. Nikagawa milimita zangu 180 kwa 36, kila hatua ikawa milimita 5. Basi nafasi kati ya mchoro na mchoro zikawa milimita 5, 15, 25, 35, 45, 55. Michoro ya juu imebanana hadi maduara yanapandana, ya chini imeachana mbali.

Idadi ya michoro haikubadilika. Muda haukubadilika, nusu sekunde ile ile, ambao ndio muda halisi wa kitu kuanguka kutoka urefu wa mita 1 na sentimita 22, karibu na kifua changu. Duara lilikuwa lile lile. Nilichobadilisha ni nafasi tu.

Mtoto wa jirani, wa darasa la tano, alikuwa amekuja kutoa kopi ya cheti cha kuzaliwa. Nikampa rundo la karatasi aziachie kwa kidole. Akaziachia mara moja, akanitazama. "Anti, huu umeanguka kweli." Kisha akaomba rundo la kwanza, akaziachia. "Huu umeshushwa." Sikuwa nimemweleza chochote.

Naamini mtu akikaa na tofauti kati ya yale marundo mawili hadi imwingie, nusu ya uhuishaji anayo. Uhai haukai ndani ya mchoro. Unakaa kwenye pengo kati ya mchoro huu na unaofuata, mahali ambapo hujachora kitu, na kazi ya mchoraji ni kulipima lile pengo. Frank Thomas na Ollie Johnston, wachoraji wakongwe wa studio ya Walt Disney, walichapisha kanuni 12 za uhuishaji mwaka 1981, na kanuni hizo zinafaa, nazirejea kila wiki. Lakini nimekutana na vijana wanaozitaja zote 12 kama wanavyotaja mikoa, na mpira wao bado unaelea. Kanuni inaingia mkononi kwa zoezi, na zoezi moja likirudiwa mara kumi linashinda mazoezi kumi yaliyoguswa mara moja moja.

Kwa hiyo nilikaa na mpira mwezi mzima. Nyuma ya duka kuna kiwanja ambako watoto hucheza chandimu jioni, na mpira wao ni wa matambara na nailoni uliofungwa kwa kamba ya katani. Ule haudundi, ukitua unatulia, unajibiringisha kidogo, basi. Mpira wa tenisi ukiuachia unarudi zaidi kidogo ya nusu ya urefu ulikotoka. Nikalidondosha limau, likaruka kidogo sana likaenda upande. Vyote vitatu nilivichora kama duara moja la ukubwa mmoja, bila rangi, bila kivuli, na nikajiwekea sharti: mtu akitazama ajue upi ni upi. Nilikuja kugundua kwamba mdundo ukishuka hadi robo ya urefu wa kwanza, muda wake unashuka hadi nusu, si robo. Kabla ya hapo midundo yangu midogo ya mwisho ilikuwa inakimbia mno, kama mpira umepandwa na wazimu.

Kubonyea na kurefuka ndiko kunakowavutia wanaoanza, na ndiko wanakoharibia. Mpira laini ukigonga ardhi unabonyea; ukikaribia ardhi kwa kasi unarefuka kidogo kuelekea kule unakokwenda. Ukiubonya lazima utanuke pembeni, maana kilichomo ndani hakijapungua. Nilisahau hilo, mpira wangu ukawa unanywea kila ukitua na kuvimba kila ukiruka. Kanuni ya kukuza mambo inahusika hapa, ile tunayoiita kwa Kiswahili chetu kutia chumvi. Kila mama anajua chumvi ikizidi huwezi kuitoa. Mchoro mmoja wa kubonyea, pale pale mpira unapogusa ardhi, unatosha kwa mpira wa raba. Mpira wa chuma haupewi hata huo mmoja.

Baada ya mpira nilifanya mkia. Zoezi la kawaida la vitabuni ni pembea inayoning'inia au jani la majini, lakini sisi Dodoma tuna ng'ombe. Nilikwenda mnada wa Msalato kula nyama na watu wa nyumbani, nikaishia kusimama nyuma ya dume moja kwa muda mrefu hadi mwenye ng'ombe akaniuliza kama nanunua. Mkia wa ng'ombe unaanzia mwendo kwenye shina. Shina linakwenda kulia, katikati ya mkia bado iko kushoto, na kile kishungi cha nywele mwishoni hakijapata habari kabisa. Shina likigeuka kurudi kushoto, ndipo kishungi kinafika kulia na kupiga. Mwendo unasafiri kutoka juu kwenda chini, kila sehemu inachelewa kidogo kuliko iliyo juu yake. Ukichora mkia wote ukigeuka kwa pamoja, umechora fimbo. Tangu siku ile kila nikichora kanga, hereni, nywele zilizosukwa au kamba ya ndoo, namkumbuka yule dume.

Gunia la unga ni zoezi la zamani la wanafunzi wa Disney. Wanapewa gunia lililojaa nusu, lisilo na uso wala mikono, walifanye lihuzunike, lifurahi, liogope. Nilichukua kiroba cha sembe cha kilo 5, nikapunguza nusu, nikakifunga, nikakaa nacho kaunta siku nzima. Nakiegemeza ukutani, nakidondosha, nakiinua kwa kona moja. Unga unatangulia chini, kitambaa kinafuata, shingo ya kiroba inaanguka mwisho. Kikikaa, kitako kinatanuka kama mtu aliyechoka. Kiroba kilichonuna ndicho kilichonipa tabu kuliko vyote, hadi nilipomtazama mtoto mdogo wa mteja aliyenyimwa biskuti: alishusha mabega, akageuza tumbo pembeni, akabaki hivyo. Nikazishusha kona mbili za juu za kiroba, nikakigeuza robo. Kikanuna.

Niliwahi kwenda Kolo, kaskazini ya Kondoa mjini, kuona michoro ya miambani iliyoingizwa na UNESCO kwenye urithi wa dunia mwaka 2006. Watu wa rangi nyekundu, warefu, wembamba, wengi hawana sura. Wakati ule nilitazama kama mtalii. Sasa nikizikumbuka naona mchoraji aliyeufahamu mwili mzima kwa mstari mmoja uliopinda, na nafsi yangu inanituma nirudi na daftari.

Kutembea nitakupitisha haraka, kwa sababu kuna mengi mno na mimi bado ni mwanafunzi. Hatua moja ina mikao minne: kisigino cha mbele kinagusa ardhi, mwili unazama goti likipokea uzito, mguu wa nyuma unapita kando ya ule uliosimama, mwili unainuka kwa ncha ya vidole kabla kisigino kingine hakijagusa. Mwendo wa kawaida ni fremu 12 kwa hatua, hatua mbili kwa sekunde, na kichwa kinapanda na kushuka kama wimbi. Nilichora wimbi hilo vizuri, nikajisifu. Halafu nikamchora mwanamke anayetoka kisimani na ndoo ya lita 20 kichwani, nikampa wimbi lile lile, na kila hatua maji yangemwagika. Kule kwa bibi, Chamwino, nilikaa chini ya mbuyu asubuhi nikatazama wanavyopita. Ndoo inakwenda kwenye mstari ulionyooka kama imewekwa kwenye reli. Kupanda na kushuka kote kunamalizwa na magoti na nyonga. Hatua ni fupi, ni za haraka, shingo imetulia kabisa. Nikachora upya, nikaifunga ndoo kwenye mstari uliopigwa kwa rula, nikaliachia goti lizame zaidi. Maji yakaingia kwenye ndoo. Sikuyachora, lakini yalikuwemo.

Ndiyo maana neno la bibi liliniuma. Mtu aliyeweza kuijaza ndoo maji bila kuyachora, anashindwaje kuutia mchi uzito?

Nilipofika nyumbani nilivika michoro yote 12 kwenye vigingi nikawasha taa ya chini. Kutoka kinuni hadi juu nafasi sita, kutoka juu hadi kinuni nafasi sita, zote karibu sawa. Mgawanyo wa haki, ule ule. Nilikuwa nimeshughulika na sura ya bibi, na mikunjo ya kanga, na lile kovu dogo la kiganja chake ambalo hakuna ambaye angeliona, nikasahau kwamba mchi ni kitu kinachoanguka. Kwa mpira nisiokuwa na mapenzi nao nilipima kwa rula. Kwa bibi yangu nilikisia.

Jumapili iliyofuata nilirudi Chamwino. Nilisubiri atoke ibadani, anywe chai, abadili nguo. Nikamwomba atwange nimrekodi. Akaniuliza kama ile ya kwanza nimeitupa, nikamwambia hapana, akasema vizuri.

Uwele ulikuwa umenyunyiziwa maji kidogo ili maganda yalegee. Nikaisimamisha simu juu ya kigoda, pembeni kabisa, nimpate kuanzia utosini hadi kisigino. Simu yangu inarekodi fremu 30 kwa sekunde, kwa hiyo kila fremu 5 za simu ni 4 za filamu. Usiku ule, kwa mwanga wa taa, nilisogeza video fremu moja moja na kuandika kwenye daftari. Pigo moja la bibi lilichukua fremu 30 za simu, sekunde moja kamili. Kupanda, 15. Kusita juu, 4. Kushuka, 7. Kutulia kinuni, 4. Nikazigeuza: 12, 3, 6, 3. Kupanda kunachukua mara mbili ya kushuka. Mimi nilikuwa nimevipa muda sawa.

Na kulikuwa na mambo ambayo namba hazisemi. Kabla ya kuinua, bibi anazama kidogo kwenye magoti, kitu kidogo sana, sentimita chache. Vitabu vinaita kujiandaa, na wapigaji wa muheme, wale akina mama wa Kigogo wanaoshika ngoma katikati ya mapaja, nao wanakufanya: bega linashuka kabla mkono haujapiga, na mtazamaji anaujua mpigo kabla ya kuusikia. Bibi akishazama, magoti yananyooka kwanza, mgongo unafuata, bega linafuata, mkono mwishoni. Mkia wa ng'ombe, ila umegeuzwa. Visigino vinaachana na ardhi. Pale juu, mchi ukiwa umesita, anabadilisha mkono, wa kulia unaachia na wa kushoto unapokea, bila kutazama. Mchi ukishagonga na mwili ukatulia, pindo la kanga bado linakwenda, linafika, linarudi.

Nilimwonyesha video, fremu kwa fremu. Aliposhika mwendo wa kidole alianza kuisogeza mwenyewe. Akasimamisha pale mchi unaposhuka, akanionyesha vidole vyake. Vilikuwa vimefunguka.

"Hapa siushiki," akasema. "Naungoja."

Nikamwambia nilidhani anausukuma chini. Akasema mwanzoni anausukuma kidogo, kuuonyesha njia, kisha anauacha wenyewe uende. "Msichana anayeanza kutwanga anaukamata mchi kuanzia juu hadi chini. Jioni ana malengelenge viganja vyote viwili, na uwele haujakoboka. Mchi una nguvu zake, mjukuu wangu. Wewe kazi yako ni kuupandisha."

Nikaitazama katuni yangu ya kwanza tena. Vidole vimefumba kuanzia mchoro wa kwanza hadi wa 12. Nilikuwa nimemchora bibi akitwanga kama msichana wa siku ya kwanza.

Toleo la pili lina michoro 11, mmoja pungufu ya lile la kwanza. Sita ya kupanda, ikianza kwa kubanana, ikiachana katikati, ikibanana tena kuelekea juu. Mmoja wa juu, unaokaa fremu 3 bila kutikisika, na kanga pekee ndiyo niliyohangaika nayo. Mitatu ya kushuka. Mmoja wa kinuni, fremu 3. Kwenye karatasi yangu mchi unasafiri milimita 80, na kutoka juu hadi kinuni nafasi nne zimekaa hivi: 5, 15, 25, 35. Ni 1, 3, 5, 7 za Galileo, zile zile za duara langu. Vidole vinafunguka kwenye mchoro wa pili wa kushuka na kufumba mchi ukishagonga.

Umeme ulikatika nikiwa kwenye mchoro wa nane. Ubao na taa ya sola havikujua chochote.

Usiku wa manane niliziunganisha picha, nikabonyeza, na kabla sijafikiri kitu mwili wangu ulishtuka kidogo pale mchi ulipotua. Nikaitazama labda mara mia. Kila ukitua, natikisika kidogo ndani.

Bibi aliipokea simu kwa mikono miwili kama kawaida yake. Safari hii aliitazama kwa muda mrefu zaidi, na nikaona kichwa chake kinaanza kufuata, kinashuka kidogo kila pigo. Hakusema kuhusu mchi. Akaisogeza simu karibu na macho, akaingia kutafuta kitu ndani ya kinu changu cha penseli.

"Sasa uwele uko wapi?" akaniuliza. "Mchi ukigonga, uwele unaruka."

Nilirudi kwenye video, nikaikuza. Kweli. Kwenye fremu moja baada ya pigo, punje zinachomoka juu ya mdomo wa kinu, kila moja na upinde wake, zinasita, zinaanguka, nyingine zinarudi ndani, nyingine zinagonga ukingo na kudunda chini hadi miguuni kwa kuku. Kila punje ni mpira ule ule wa mwezi wangu wa kwanza, na kila moja inataka nafasi zake zipimwe.

Nimeanza na punje tatu.